Kezilahabi kwa watu waliomkimbia tangu shuleni: nianze na kitabu kipi?

Msomaji_Kirumba

Wakuu, habari za humu. Naomba ushauri wa wanaovijua vizuri vitabu vya marehemu Profesa Euphrase Kezilahabi.

Kuna kikundi cha usomaji hapa Mwanza mjini, watu 12, kinakutana Jumamosi mara mbili kwa mwezi. Mpaka sasa ni vitabu vya ujasiriamali na vya "badilisha maisha yako" tu. Zamu ya kuchagua imeniangukia kwa miezi mitatu, yaani vikao sita, na chaguo langu ni Kezilahabi. Haiingii akilini watu wa ziwa hili wamjue mtoto wa Ukerewe kwa jina la kitabu kimoja tu.

Shida ni mchanganyiko wa wasomaji. Wale wa umri mkubwa walikisoma Rosa Mistika zamani kwa ajili ya mtihani, wanamkumbuka Zakaria, baba yake Rosa, na ulevi wake, basi. Watatu hawajamaliza riwaya ya Kiswahili tangu kidato cha nne. Wawili ni wasomaji wazito, wanataka twende Nagona moja kwa moja. Na yupo mama mmoja, mfanyabiashara wa dagaa, maandishi madogo yanamsumbua macho, anapendelea kusomewa.

Nianze na kipi, kifuate kipi, na ni wapi huwa watu wanakwama? Na nakala nzuri napataje bila kuuziwa takataka?

---

Nyegezi Kona

Mkuu, Nagona usiiguse kwanza. Hao wawili waambie wavumilie hadi kikao cha sita.

Sababu ni hii. Nagona (1990) na Mzingile (1991) ni vitabu vyembamba, Nagona haifiki hata kurasa 70, na huo wembamba ndio unaowaponza watu. Kikundi kinasema "hiki tunakimaliza wikiendi moja". Ukifika ukurasa wa kumi hujui uko wapi, ni mwaka gani, wala msimulizi anatafuta nini hasa. Unaingia mahali penye ukimya, unakutana na watu wasiojibu, mbele kidogo wanatokea akina Plato, Marx na Freud. Msomaji aliyezoea kuuliza "halafu ikawaje?" anakosa pa kushika. Anafunga kitabu na kuamua kwamba yeye hana akili au mwandishi ana wazimu. Vyote viwili si kweli, ila mtu huyo humrudishi tena kwa Kezilahabi.

Ushauri wangu ni kuanza na Kichwamaji (1974). Ni kama kurasa 200. Ukigawa kwa vikao viwili ni kurasa 100 kwa wiki mbili, yaani saba au nane kwa siku. Hata aliyeacha kusoma miaka mingi anazimudu akiwa kwenye daladala.

Faida yake ya kwanza ni msimulizi. Kazimoto anaongea kwa "mimi", kijana wa chuo kikuu, ana majibu ya mkato, anajidanganya na anajua kwamba anajidanganya. Ya pili ni mlango wa kuingilia. Kitabu kinaanza na mtu anayesubiri nje ya ofisi. Ndani yuko Manase, waliyesoma pamoja, ambaye sasa ndiye mkubwa wa wilaya. Angalia mwandishi anavyofanya hapo: hakuhubirii juu ya tabaka la wasomi na madaraka. Anakukalisha kwenye benchi na Kazimoto, muda unakwenda, na polepole unaanza kumchukia mtu ambaye hujamwona. Nani Tanzania hii hajawahi kukaa kwenye benchi hilo? Kurasa hizo za mwanzo zisome kwa sauti siku unapokitambulisha kitabu, kabla hujasema neno lolote la sifa. Kumsifia mwandishi kwa dakika ishirini hakumfanyi mtu anunue kitabu. Kurasa tatu zilizosomwa vizuri zinafanya.

Pa kukwama ni baada ya katikati. Matukio yanapungua, Kazimoto na wenzake wanabishana juu ya Mungu na maana ya kuishi, na giza lake ni la kweli kweli. Wengi huachia hapo. Dawa yake ni kupanga kikao cha kwanza kiishie kabla ya mabishano hayo, halafu kikao cha pili mfungue kwa kuyasoma kwa kugawana sauti, huyu Kazimoto, yule mwenzake. Ukiyasikia yakitamkwa unagundua ni vijana wanaochokozana, na pengine utacheka.

Jambo moja usifanye: usifungue na neno "udhanaishi", yaani ile falsafa ya kujiuliza maana ya kuishi. Wahakiki wamelitumia sana juu yake na hawajakosea, lakini ukilitaja kikao cha kwanza umewarudisha watu darasani. Litakuja lenyewe kikao cha tano.

---

Binti wa Nansio

Nakubaliana na Nyegezi Kona kuhusu Nagona. Kwenye Kichwamaji napinga. Anza na Rosa Mistika (1971), hasa kwa sababu wanadhani wamekwisha kuisoma.

Mtu aliyeisoma kwa mtihani amesoma orodha ya wahusika na dhamira. Kitabu chenyewe hakijui. Na wengi hawana habari kwamba kilipotoka kilizua kelele hadi kikapigwa marufuku mashuleni, baadaye kikarudi na kuwa cha kufundishia. Waulize swali moja tu kabla ya kuanza: kitu gani ndani yake kiliwatisha wakubwa? Waache wakitafute wenyewe.

Kwa yule mama wa dagaa ndicho chenyewe. Sentensi ni fupi, mazungumzo ni mengi, mambo yanaenda mbio. Chukua pale Zakaria anapoigundua barua ya kijana Charles kwa Rosa. Ni tukio la kurasa chache, na lina kila kitu: baba anayedhani anamlinda binti kwa kipigo, mama Regina asiyeweza kusogea, wadogo zake wanaotazama. Kezilahabi hasemi "malezi ya ukali yana madhara". Anaandika kipigo, kisha anaendelea na hadithi kana kwamba ni siku ya kawaida, na kwa familia ile kweli ilikuwa siku ya kawaida. Ukishasoma hapo, nyamaza. Usieleze.

Kikao cha Rosa kinaharibika kwa njia moja, na karibu kila mara ni hiyo hiyo: kinageuka mjadala wa "mabinti wa siku hizi". Dakika kumi tu, kitabu kimesahaulika, watu wanarushiana lawama za vizazi. Zuia mapema. Toa karatasi, kila mtu aandike kwa kila sura: nani hapa alikuwa na nafasi ya kumsaidia Rosa, na alifanya nini badala yake? Utapata Zakaria, Regina, walimu, Deogratias, Charles mwenyewe, na wengine ambao shuleni hawakutajwa kabisa. Mkisoma majibu hayo kwa zamu, mjadala unabaki ndani ya kurasa.

Tena mkuu, toa tahadhari mapema. Rosa Mistika na Kichwamaji vyote vina ukatili wa kijinsia, utoaji mimba au mimba zenye balaa, na kujiua. Hujui nani kwenye kikundi amepitia nini. Sema wazi bila kutaja ni nani na ni wapi, na mtu akitaka kuruka sura asiulizwe. Mwisho usiusimulie hata kidogo. Hasa mwisho wa Rosa, ambako mwandishi anafanya jambo ambalo riwaya yote ya kabla yake haikukuandaa nalo.

---

Nyegezi Kona

Dada, hoja ya barua imenigusa. Lakini wale wa umri mkubwa kwenye kikundi ambao "tayari wanaijua" watakuja kikao cha kwanza mikono mitupu. Kwa Kichwamaji hakuna wa kujidai anaijua.

---

Binti wa Nansio

Wakija mikono mitupu, karatasi itawaumbua.

---

Mwalimu wa Jioni

Mnabishana riwaya na mmesahau kwamba mlango mfupi kuliko yote kwa Kezilahabi ni mashairi. Shairi moja ni dakika mbili. Kwa watu walioacha kusoma, dakika mbili zinatosha kuonja.

Chukua Kichomi (1974). Kutoka humo soma "Mgomba" na "Kisu Mkononi". Kisha kutoka Karibu Ndani (1988) soma lile lenye jina la kitabu. Matatu yanatosha. Dhifa (2008) iache kwa atakayetaka kuendelea, maana humo ana ukali wa mtu mzima na siasa inahitaji maelezo.

Utakutana na mtu atakayesema "haya si mashairi, hayana vina". Usimzime, hoja hiyo ina historia. Kichomi kilipotoka, washairi wa jadi walimjia juu: shairi la Kiswahili ni mizani na vina, anayeviacha ameshindwa kazi. Kezilahabi alikuwa ameshajitetea mapema ndani ya kitabu hicho hicho, kwenye utangulizi. Someni utangulizi kabla ya kuamua. Kwa maoni yangu yapo mashairi machache mle ambayo kweli ni nathari iliyokatwakatwa. "Mgomba" si mojawapo.

Namna ya kuyasoma ndiyo inayowashinda wengi. Tumezoeshwa kughani, kwa hiyo mtu anasimama mwisho wa kila mstari na kupandisha sauti kana kwamba kuna kina kinachokuja. Hakiji, na shairi linasikika limekufa. Kwa shairi huru fuata alama za uandishi: pumzika penye nukta na mkato, si penye ukomo wa mstari. Pale mstari unapokatika katikati ya sentensi, shikilia kidogo tu, kama mtu anayetafuta neno. Soma mara mbili. Mara ya kwanza wasikilize bila karatasi, mara ya pili wawe na maandishi mkononi. Halafu uliza ni neno gani wanalikumbuka. "Mshairi anamaanisha nini" usiiulize kabisa, hilo ni swali la mtihani na watakupa jibu la mtihani.

Jambo jingine kuhusu maswali. Kikundi chochote kilichopita shule za Tanzania kina ugonjwa wa "dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi". Ukiuliza swali pana utapata orodha. Fanya kila swali lidai mahali: "Ni wapi ulianza kumshuku Kazimoto? Tusomee." Na usitegemee namba za kurasa, maana matoleo ni ya wachapishaji na miaka tofauti, ukurasa wa 40 wako ni wa 47 wa mwenzako. Tumieni sura na maneno ya mwanzo wa aya.

---

Makoroboi_Vitabu

Nijibu la nakala.

Kwanza piga hesabu ya unachohitaji. Watu 12 hawahitaji nakala 12. Nakala sita zinatosha mkipanga wawili wawili, mmoja anasoma wiki ya kwanza na mwenzake ya pili. Pungufu ya hapo kikundi kinalegea, kwa sababu mtu akikosa kitabu siku nne tu ameshapoteza uzi.

Ukinunua cha mtumba, kabla hujatoa hela fanya hivi:

Pitia namba za kurasa zote, zote kabisa. Vitabu hufungwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16, na fungu likichomoka linaondoka zima. Utakuta kutoka 64 unarukia 81 na huwezi kuona kwa nje.

Fungua katikati taratibu, sikiliza gundi. Ikilia kakara, imekauka, na kitabu hicho kikipita mikono sita kitarudi majani. Bado kinafaa kama bei ni ndogo, ila peleka kwa fundi wa kujalidi akitoboe na kushona pembeni kabla ya kukigawa. Usibandike utepe wa plastiki kwenye karatasi ya zamani, baada ya muda unageuka njano na kuchanika na maandishi.

Angalia mihuri. Kikiwa na muhuri wa maktaba na hakuna alama kwamba kimeondolewa kwenye orodha, kiache. Hicho ni cha watu.

Kuhusu kutoa kopi kitabu kizima steshenari: najua ndiyo njia ya mkato na kila mtu anaifanya. Lakini kwa sheria ya hakimiliki ya Tanzania kazi inalindwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo. Profesa alifariki Januari 2020. Hesabu mwenyewe. Tena kopi ya kitabu kilichofifia ni hasara: mgongo unakuwa kivuli cheusi, herufi tatu za mwanzo za kila mstari hazisomeki, na yule mama wa macho ndiye atakayeumia zaidi.

Nenda pia Maktaba ya Mkoa pale mjini, ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Ukiwa na nakala tano zako na moja ya kusomea pale, umeshapunguza gharama. Na vichwa vinavyosumbua kupatikana ni Gamba la Nyoka na Dunia Uwanja wa Fujo, hivyo anza kuvitafuta leo, usingoje wiki ya kikao.

---

Msomaji_Kirumba

Shukrani sana wote, hii ni darasa tosha. Swali la nyongeza: kuna anayependekeza tuchanganye na mwandishi Aniceti Kitereza kwa vile naye ni wa Ukerewe, na mwingine anataka Abdulrazak Gurnah kwa sababu ya Nobel ya fasihi. Na Gamba la Nyoka mmeitaja juu juu tu, inafaa kikao cha tano?

---

Mwalimu wa Jioni

Gurnah ni mwandishi wa kuheshimiwa, Nobel ya 2021 si mchezo, na riwaya yake Paradise sasa tunayo kwa Kiswahili kama Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022. Ila ni pwani, ni enzi nyingine, na ni zamu nyingine. Ukiviweka pamoja kikao kizima kitakuwa kulinganisha.

Kitereza mpe miezi mitatu yake peke yake. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe, ikachapishwa kwa Kiswahili 1980. Ni ndefu, inakwenda polepole, inakuonyesha namna ya kutengeneza pombe, kuvua, kuposa, hatua kwa hatua. Anayetoka kwa Kazimoto mwenye haraka ataiona inachosha, na si haki kwa kitabu.

Gamba la Nyoka (1979) inafaa sana kikao cha tano, kwa sharti moja: watoe dakika kumi za historia kwanza. Azimio la Arusha, Februari 1967. Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, watu kuhamishwa kwenda vijiji vya ujamaa, wengine kwa nguvu. Asiyejua hayo hataelewa kwa nini wanakijiji wanapambana na jambo linaloelezwa kwa maneno matamu hivyo. Kitabu kina kejeli nyingi, na kejeli haimfikii asiyejua kinachokejeliwa. Kikundi chenye wazee wawili watatu waliokuwapo wakati huo, waachie wao hizo dakika kumi. Chunga tu zisiwe saa nzima.

---

Binti wa Nansio

Na mtu akipendekeza safari ya Namagondo, kijiji cha akina Rosa kule Ukerewe, sawa, ni kijiji halisi na ndiko Kezilahabi alikozaliwa mwaka 1944. Meli ya Mwanza hadi Nansio ipo, au barabara kupitia Bunda hadi Kisorya mkavuke kwa kivuko kwenda Rugezi. Lakini iwe baada ya vikao, si kabla. Wakienda kwanza wataanza kutafuta nyumba ya Zakaria, na kila mzee wa kijiji atageuzwa mhusika. Wenyeji hawapendi, na wana haki.

---

Msomaji_Kirumba

Basi nimepanga hivi. Siku ya kutambulisha: "Mgomba" na kurasa za mwanzo za Kichwamaji. Kikao cha 1 na 2 Kichwamaji, 3 na 4 Rosa na karatasi za Binti wa Nansio, 5 Gamba la Nyoka, 6 Nagona kwa wale wenye roho ngumu. Samahani dada, Rosa imesubiri kidogo.

Limebaki la mama wa dagaa. Kumsomea kitabu kizima ana kwa ana haitawezekana.

---

Nyegezi Kona

Mrekodieni kwa simu. Ukurasa mmoja kwa mwendo wa kusikilizika ni dakika mbili hivi, kwa hiyo kurasa saba au nane za siku ni kama robo saa. Gaweni wasomaji wanne, kila mmoja na sura zake, msichanganye sauti ndani ya sura moja. Katika kila rekodi mseme kwanza namba ya sura, kisha mtume vipande vya dakika tano tano. Kipande kirefu ukipigiwa simu katikati unapoteza ulipofika. Simu iwe kiganja kimoja kutoka mdomoni, madirisha yafungwe, feni izimwe. Feni ndiyo adui mkubwa, masikioni inasikika kama upepo wa ziwa. Na rekodi ziishie kwake tu, zisizunguke kwenye magrupu, kwa sababu ile ile ya hakimiliki aliyoitaja Makoroboi.

---

Binti wa Nansio

Nichukulieni sura ya barua. Nitaisoma mimi.